Mercedes ya Kwenda Roma

Kama hujawahi kukalia kiti cha Bedford pale Bungulu, mtaa wa Beni, basi umekunywa kahawa tu, kijiweni hujafika. Kiti chenyewe ni cha lori lililokufa zamani, kimepachikwa juu ya matofali mbele ya mlango wa Hadidja, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Mama Rachida. Springi zake zimechoka kiasi kwamba mnene akikaa upande huu, mwembamba wa upande ule hunyanyuka. Mama Rachida huuza kahawa ya tangawizi kwa vikombe vidogo, na maneno hutolewa bure. Wenye kiti ni wanne. Yuko Issaka, dereva mzee wa malori, aitwaye Première kwa sababu mlima wowote, hata kichuguu, aliupanda kwa gia ya kwanza. Yuko Ananie, aitwaye Bruxelles kwa kuwa ana binamu huko, ingawa yeye mwenyewe hajavuka mpaka wa Kasindi. Yuko Paluku, mwalimu wa hesabu, aitwaye Maître. Analolijua hulieleza, na asilolijua hulieleza kwa urefu zaidi. Na yuko Maliro, fundi wa magari, aitwaye Tournevis, yaani bisibisi. Ila asubuhi ile hakuna aliyemwita Tournevis. Walimwita Papa Kambere, kwa jina la mwanawe, na kila walipolitaja walitazama chini, maana Kambere alikuwa ndani ya handaki la jeshi, na mwisho wa kiti alikuwa amekaa askari, bunduki magotini, anapuliza kahawa yake.

Habari yenyewe si ndefu, ila ni mbaya. Katika vita vya kwanza askari walichukua kila chenye magurudumu, na watu wa Beni wakajifunza. Waliposikia tetesi za vita vya pili, wenye magari wakaanza kuyalaza. Kulaza gari ni hivi: unalifungua usiku, magurudumu unampa jirani huyu, betri unampa yule, kabureta unampa shemeji wa mbali, nao wanavizika chini ya vitanda na chini ya magunia ya maharagwe. Sharti ni moja tu. Kila mtu ajue cha kwake, asijue cha mwenzake, wala asimwambie hata mkewe. Ni sharti zuri, limeokoa magari mengi. Mzee Melchior, mfanyabiashara wa papaini, utomvu wa mapapai, aliilaza namna hiyo Mercedes yake nyeusi. Kisha akauawa njiani karibu na Kirumba, na kichwani mwake akaondoka na majina yote ya waliomtunzia. Gari likabaki juu ya mawe nyuma ya nyumba yake, kuku wakitaga kwenye kiti cha ngozi.

Halafu akaja kamanda wa waasi, akaichukua nyumba ya Melchior, akalikuta gari. Kamanda huyu alikuwa ameambiwa kwamba atapelekwa Ulaya kwenye mazungumzo ya amani, na habari hiyo ilimpanda kichwani. Alimwita Maliro, akamchorea safari kwa kidole kwenye vumbi la boneti: hapa Bruxelles, gari litateremshwa kwenye ndege, hapa Paris, hapa milima ya Suisse, na hapa Roma, kwa Papa. “Miye siwezi fika kule na miguu sawa mukimbizi,” alisema. “Unitengenezee mutuka ya Bulaya.” Na ili Maliro asilegee, akamchukua Kambere, aliyekuwa akishika spana pamoja na baba yake, akamtia handakini, shimo la kambi lenye kufunikwa mbao. “Mutuka ikiwa tayari, mutoto atatoka. Ndege ikikuja na mutuka haiko tayari, basi.” Hiyo basi haikuhitaji kuelezwa.

Majirani si mawe. Usiku uliofuata vitu vilianza kudondoka ndani ya ua wa karakana: gurudumu, betri, pampu ya petroli. Hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Kabureta ilipofika, Maliro aliikumbatia akalia kama mtu aliyerudishiwa ndugu. Vyote vikarudi isipokuwa delco, kile kichwa kidogo cha nyaya kinachogawia plagi moto, na bila hicho Mercedes ni banda la kuku tu. Kamanda naye aliposikia kwamba vitu vinajileta vyenyewe, hakufurahi, alikasirika: kumbe mali yangu imefichwa na raia! Akaweka askari mlangoni pa karakana amkamate atakayeleta kilichobaki. Kwa ujinga wake mwenyewe akawa ameufunga mlango aliotaka ufunguliwe. Ndiyo maana asubuhi hiyo Maliro alimwomba askari waende kunywa kahawa. Alijua delco iko kwa mmoja wa mtaa ule, na kama kuna mtu atakayeitoa, atakuwa kwenye kiti hiki. Sasa alikaa akisoma nyuso, na midomo ya wenzake ikizungumza Ulaya.

— Kutoka Bruxelles mupaka Roma, Première alianza kuhusu vizuizi vya askari, barrière haiwezi kosa. Miye nimetembeza camion mupaka Kisangani. Barabara ni barabara, na mwenye bunduki ni mwenye bunduki. Papa Kambere, utoe kiti ya nyuma, pale uweke sigara, sabuni na chumvi.

— Bulaya hakuna barrière, alisema Bruxelles.

— Hakuna barrière? Sasa baaskari ya kule banakulaka nini?

Bruxelles alifikiri, akanywa, akafikiri tena.

— Banalipwaka, alisema, kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Kiti kizima kilicheka, na askari ndiye aliyecheka kupita wote, mpaka kahawa ikammwagikia kwenye suruali.

— Banalipwa! Première alijifuta macho. Weye Bruxelles, binamu yako anakucheza. Papa Kambere, usimusikilize. Weka tena na mbuzi moja juu. Kila barabara iko na barrière moja yenye haisikiake sigara.

— Museme polepole, askari aliingilia. Ni miye nitaendesha. Commandant ameniambia: weye njo chauffeur yangu ya Bulaya. Lazima nishike yote.

Wakamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, ametokea mbali huko mkoa wa Équateur, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeahidiwa kitu. Maliro alijaribu kumchukia, akaweza nusu tu.

— Chauffeur ya Bulaya, alisema Bruxelles, aliyependa mtu wa kumfundisha, hatari yako haiko barrière. Ni usingizi. Binamu yangu alisema na mudomo yake kwa phonie, ile redio ya kusemea: barabara ya kule haina tundu hata moja, iko laini sawa tumbo ya mutoto. Unaendesha, unaendesha, hakuna kitu inakuamusha. Unalala, unakufa. Bazungu mingi banakufaka vile.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Maître.

— Njo vile! Bruxelles alikubali, japo hakuelewa. Donc Papa Kambere ataweka mupira moja mudogo kuliko ingine. Mutuka itakuwa inaruka-ruka, chauffeur asilale.

— Mupira moja mudogo, askari alirudia, akihesabu kwa vidole mafunzo yake. Na neige? Commandant anasemaka kule kuko neige, ile theluji.

— Ile si kitu, Première alidakia. Tunaionaka hapa kila siku mvua ikiacha, pale juu ya Ruwenzori. Imekufanya nini? Iko inakaa kwake tu. Shida ni mafuta. Umeona mawese kule Lubero asubuhi, namna inaganda mu chupa? Mafuta ya moteur njo ile ile. Lazima mbabula, jiko ya makaa. Ukifika mahali ya kulala, unawasha makala, unaingiza mbabula chini ya moteur.

— Mutuka itaungua!

— Kidogo itaungua. Lakini haitaganda.

Siku nyingine Maliro angecheka. Aliwahi kucheka kwenye kiti hiki mpaka mbavu zikamuuma, na mwenye kuchekesha zaidi alikuwa Kambere, ambaye angepita na spana mkononi na kuwaambia, “Bapapa, mutuka gani mumeua leo na mudomo?” Jana walimruhusu amwone. Kumwona si neno lake. Mbao zilifunika shimo, na kilichotoka katikati ya mbao mbili kilikuwa vidole vya mwanawe, vina tope. Vidole vilimshika chake kimoja vikakibana.  Maliro alirudi nyumbani akanawa mkono ule, kisha akajuta kuunawa.

Akatazama nyuso. Première anacheka kwa mdomo, macho yanalia. Lakini Première ndiye aliyeleta magurudumu, hilo Maliro alilijua kwa namna mzee alivyochechemea siku ya pili. Bruxelles hawezi kutunza siri, Melchior hakuwa mpumbavu. Mama Rachida alikuwa anapuliza makaa na kuinama kuliko makaa yalivyohitaji.

— Banaume, alisema Mama Rachida bila kugeuka, muache ile Bulaya. Mutoto ya mutu iko mu shimo.

 Hata askari alitazama kikombe.

— Mama Rachida, askari alisema kwa upole kidogo, si miye njo nimemutia.

— Miye nasema na batu benye kuwa na masikio.

Hapo ndipo Maître alipokohoa. Maître akikohoa, kiti hujua kwamba somo linaanza. Alivua miwani yake yenye mguu mmoja, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena.

— Papa Kambere, alisema, bila kumtazama. Kuko kitu bote banasahau. Mu milima ya Suisse kuko tunnel. Ni tundu inapita ndani ya mulima, unaingia asubuhi, unatoka kule mangaribi. Mule ndani hewa ni kidogo. Moto ikiwaka, inakula hewa yote, batu banakufa. Donc bazungu bamefanya nini? Bamekataza delco.

— Bamekataza delco? Première alimgeukia kwa mwili mzima, na kiti kikalia. Na mutuka itatembea na nini?

— Na descente. Inateremuka yenyewe.

— Na kupanda?

Maître alimeza mate.

— Ya kupanda, kuko baridi. Baridi ikifinya petroli sana, inawaka bila kitu. C’est scientifique. Ni hapa tu kwetu mu joto njo tunahitaji delco.

— Kumbe! alisema askari.

— Mais Maître, Bruxelles alisema, binamu yangu hajasemaka…

— Binamu yako hana mutuka! Maître alipandisha sauti, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Na tuseme tunnel hakuna. Pale frontière, kwa mupaka, banafungua boneti. Bakikuta delco, ile kichwa na nyuzi zake zote zinatoka, banasema ni nini? Bombe! Banamufunga Commandant, banamufunga na chauffeur. Askari, sikia vizuri, ni weye batakufunga. Kwa nini mujitafutie? Muende bila delco. Ao muache mutuka hapa, mupande train. Haba na haba hujaza kibaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hakuna aliyeuliza methali hizo zimeingiaje. Askari alikuwa ameacha kuhesabu kwa vidole na uso wake ulikuwa umeingia wasiwasi. Première alifungua mdomo, akaufunga. Maliro naye alikuwa amekwisha kuelewa.

Maître hajui gari. Kabla ya vita alimwuliza Maliro kama rejeta ndipo redio inapokaa, na kijiwe kiliishi na kicheko hicho mwezi mzima. Mtu huyo leo anaijua delco, kichwa chake, nyaya zake zinavyotoka. Anaipiga vita kama mke mwenza. Mtu hagombani hivyo na kitu ambacho hakijalala nyumbani kwake.

Maliro alimtazama, na safari hii Maître alishindwa kukwepa. Wakatazamana. Katika macho ya mwalimu kulikuwa na hofu tupu na ombi. Maliro aliujua uzito wa ombi lile. Maître ana mke, Adèle, ana watoto wanaolala njaa siku moja na kula siku moja. Akiinuka sasa mbele ya bunduki akasema ninayo, ndiye mwizi wa mali ya kamanda, na handaki la kambini halikuwa moja. Maliro alimwonea huruma. Pia alimkasirikia mpaka meno yakamuuma, kwa sababu siku zote hizi rafiki yake alikuwa akikaa hapa, anakunywa, anaona mwenzake anavyokauka.

Maliro alijiambia: nitangoja. Kahawa itamalizika, tutarudi karakana, jioni nitatafuta namna ya kumfikia, nitazungumza na Adèle. Iko njia. Mungu ataifungua.

Ndege ikasikika.

Ilitokea upande wa uwanja wa ndege wa Mavivi, nyuma ya mawingu, mngurumo wa ndege nzito ya mizigo. Wote wakainua vichwa. Hawakuiona.

— Inashuka, alisema Bruxelles, ambaye hajapanda ndege lakini anazijua zote kwa sauti. Sauti ya kushuka njo ile.

Askari aliruka, akamwaga kilichobaki kwenye kikombe.

— Ni ya Commandant! Papa, haraka, noki, noki! Iko tayari? Mutuka iko tayari?

— Delco haiko, alisema Maliro.

— Sasa tutasema nini? Papa, atatuuwa! Atamuuwa mutoto, atakuuwa weye, na miye!

Maliro aliona vidole vyenye tope. Hakuona kitu kingine, si kiti, si Mama Rachida aliyekuwa amesimama na birika mkononi.

— Maître, alisema. Enda uilete.

— Miye? alisema Maître.

— Weye. Enda, ndugu yangu. Enda sasa.

Basi, likawa limetoka, na neno likitoka halirudi mdomoni. Askari alimgeukia Maître, kwanza kwa mshangao, kwa sababu alikuwa amemwamini mambo ya baridi na petroli, na mshangao wa mtu aliyedanganywa hugeuka hasira upesi. Alimpiga kwa kitako cha bunduki hapa shavuni. Miwani iliruka. Première alitaka kuinuka, akabaki anasema “Wallahi, wallahi,” na Bruxelles alijishika kichwa.

— Tembea! askari alisema.

Nyumba ya Maître haikuwa mbali. Waliwaona wakienda, mwalimu mbele, mikono kichwani, na mtutu mgongoni kwake. Mama Rachida aliinama akaokota miwani, akaikung’uta vumbi, akaishika tu.

— Papa Kambere, alisema. Mungu Nyamuhanga akuhurumie. Na miye ningefanya vile.

Alisema hivyo, lakini hakumtazama, na Maliro alijua kwamba kuanzia leo mtaani wengine watasema ningefanya vile na wengine watasema singefanya, na wote watapunguza sauti akipita. Hakujali. Akilini alikuwa amekwisha kuifunga delco, boliti mbili tu na nyaya, kazi ya muda wa kunywa kahawa. Gari litaunguruma. Mwanangu atatoka, nitambeba mgongoni kama hawezi kutembea, nitamwogesha mimi mwenyewe.

Walirudi. Maître alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa kitenge cha kubebea mtoto, na damu ya mdomo wake ilikuwa imedondoka juu yake. Nyuma, mbali, Adèle alikuwa anafuata analia, askari anamfukuza kwa mkono. Maliro alifungua kitenge. Delco ilikuwa nzima. Ilikuwa imepakwa mafuta kwa uangalifu, kila waya umefutwa, hakuna hata chembe ya kutu.

— Melchior aliniambia niipakalaka mafuta, alisema Maître, maneno yakipita kwa shida kwenye mdomo uliovimba. Aliniambia nisiipatie mutu, hata muke yake yeye mwenyewe.

— Maître…

— Nilikuwa natafuta njia ya kukupatia, Papa Kambere. Toka asubuhi natafuta. Njo maana nilikuwa nasema mingi.

 Maliro alimshika bega, na bega lilibaki gumu chini ya mkono wake.

— Papa professeur, askari alisema, weye tutaenda pamoja camp. Commandant atakusikia mwenyewe. Na weye fundi, funga ile kitu noki.

Maliro alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili kuelekea karakana alipomwona Tamar. Tamar ni mke wa Kambere. Alikuwa ameolewa mwaka uliopita tu, na kila asubuhi yeye ndiye aliyepeleka chakula kambini. Alikuwa anakuja kutoka upande huo, taratibu, katikati ya barabara, bakuli la bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kifuani, kitambaa bado kimefungwa. Hakuwa analia. Nywele zake zilikuwa na vumbi, na mikono yake mpaka viwikoni ilikuwa na tope.

— Tamar! Maliro alimwita, akimwonyesha delco. Binti yangu, imepatikana! Mwambie Kambere…

— Papa, camp haiko na mutu.

— Haiko na mutu namna gani?

— Commandant amekwenda. Amepanda ndege na babibi yake na mavalizi ya nguo. Ile ndege mumesikia ilikuwa inaenda, haikuwa inakuja. Batu banasema benzake bamemugeukia, bako bananuia kumukamata. Sasa raia banang’oa mabati ya camp.

Askari alimsogelea.

— Commandant gani?

— Yako.

— Hapana, mama. Commandant hawezi enda. Mutuka haijaingia mu ndege. Miye chauffeur niko hapa.

Tamar alimtazama kama mtu anayetazama ukuta, akarudisha macho kwa mkwewe. Askari alibaki anageuza kichwa, mara upande wa Mavivi, mara upande wa kambi, bunduki imening’inia. Maître angeweza kukimbia wakati ule. Hakukimbia. Alikaa chini polepole kwenye kona ya kiti.

— Na mahandaki? aliuliza Maliro. 

— Nilitoa mbao miye mwenyewe. Ya kwanza, ya pili, zote. Nilishuka ndani, nikagusa na mikono. Hakuna mutu.

— Balibafungua basi, Bruxelles alisema upesi. Balibafungua, bamekimbia. Kambere atakuwa mu njia ya nyumba…

— Natoka nyumba.

— Balibapeleka, alisema Première.

— Mwanamuke moja pale anasema camion ilibabeba usiku, inaelekea Kasindi. Ingine anasema hapana, ilielekea Eringeti. Na mama moja muzee mwenye kukaa nyuma ya camp anasema usiku yote hakulala, na hakuna camion yenye ilitoka.

Mama Rachida aliweka birika chini. Maliro alikuwa ameishika delco kwa mikono miwili, na mafuta yake yalikuwa yanamchuruzikia vidoleni. Alitaka Tamar aache kusema, na alitaka aseme zaidi. Msichana alikuwa amefungua kitambaa, anaangalia ndani ya bakuli, anagusa bugali kwa kidole kupima joto.

— Iko inapoa, alisema. Basi nimupelekee wapi?

Première alimtazama Bruxelles. Bruxelles alimtazama Maître. Maître alikuwa ameinama, damu inamdondoka kwenye viatu.

— Muniambie tu, Tamar alisema. Kama ni Kasindi nitaenda Kasindi. Kama ni Eringeti nitaenda. Hata kama ni mbali.

Maliro alisogea kumpisha akae. Tamar hakukaa. Alisimama na bakuli lake, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, askari naye akiwamo, akingoja wamwelekeze.